Labda Wamewaimbia Nyie

Tairi la trela lilipasuka nikiwa nimeshaliacha nyuma lile tenki la maji la Clanton lenye umbo la pichi. Wanaopita barabara ya 65 kati ya Birmingham na Montgomery, huku Alabama, wanalijua. Limepakwa rangi zake zote, lina mkunjo wake ubavuni, limesimama hewani juu ya mguu mmoja, kama vile watu wa Lushoto wamepata hela ya kuchezea.

Nikajikokota na taa za hatari zikiwaka mpaka kwa fundi tairi. Mzee wa Kizungu, ndevu zimefika kifuani, grisi mpaka kwenye viwiko. Hakuniuliza natoka wapi. Kwa hilo tu nikampenda, maana kwa kawaida lafudhi yangu huhojiwa kabla sijamaliza salamu. Akapiga jeki, akaanza kufungua nati, na nyuma yake, kutoka kwenye pikapu iliyoachwa milango wazi, magitaa yalikuwa yananguruma kuishinda kompresa.

Nikamuuliza hiyo ni bendi gani.

"Drive-By Truckers," akasema. Nikacheka, nikidhani ananitania kwa kuwa mimi ni dereva wa lori. Yeye hakucheka. Akaniambia ni vijana wa huku huku Alabama, wa kule juu karibu na Muscle Shoals, vijana ambao sasa wana mvi, na kwamba hii albamu yao mpya, American Band, haijamaliza hata wiki tangu itoke.

Akaendelea na kazi. Nyimbo zikapita. Halafu ukaingia mmoja wa taratibu, sauti ya mtu aliyechoka, wala hapigi kelele. Mzee akaweka spana chini, akaenda kwenye pikapu, akazima. Akarudi akamaliza kufunga tairi bila neno.

Wakati wa kulipa akaiweka CD juu ya risiti yangu. Kwenye jalada kuna picha ya bendera ya Marekani ikipepea nusu mlingoti, na pembeni yake alama ya dole gumba, nyeusi, ya grisi.

"Chukua," akasema. "Labda wamewaimbia nyie."

Hiyo ilikuwa mapema Oktoba 2016. Tangu hapo hilo neno limepanda kwenye kichwa cha lori kama abiria asiyelipa nauli, na hateremki.

## Nyie akina nani

Kiingereza tulichofundishwa shuleni hakina "ninyi". Mwalimu anaandika neno moja ubaoni, unajijua mwenyewe kama mko wangapi. Watu wa Kusini mwa Marekani waliona upungufu huo zamani wakajitengenezea neno lao, "y'all", na miaka yangu hapa nimelipenda kwa sababu linanikumbusha nyumbani. Mtu wa Alabama anaposema "nyie", anamaanisha nyie.

Sasa nyie tuliokuwa pale ni akina nani? Nilikuwa peke yangu, na trela ya vipuri vya magari.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nimekuja huku mtu mzima, viza mkononi, shati limepigwa pasi. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ugomvi wa Weusi na Weupe wa nchi hii si wangu, mimi ni mgeni mpita njia. Usinihukumu. Wengi tunaoishi huku tumewahi kuliegemea hilo, hasa tunapotaka kupata usingizi.

Likanitoka usiku mmoja nilipowekewa tochi usoni, mikono yote juu ya usukani, vidole vimetanuliwa. Yule askari hakutaka kujua kama waliovushwa bahari ni babu zangu au nilivuka mwenyewe kwa tiketi ya kwenda na kurudi. Alitaka kuona mikono.

Kwa hiyo mzee hakukosea sana. Lakini kwa nini liliniuma?

## Kusini yao

Nikaanza kuisikiliza CD njiani. Dereva wa malori ya masafa anaruhusiwa saa 11 za usukani kwa zamu moja, na saa 11 ni nyingi, unaweza kuijua albamu kama unavyojua ngazi za nyumba yenu gizani.

Ukisikia neno roki ya Kusini, picha inayokuja ni nywele ndefu, magitaa matatu na ile bendera. Bendera ya jeshi la Kusini lililopigana, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, lisinyang'anywe watumwa. Kwenye hiyo hiyo barabara ya 65, kusini kidogo ya lile pichi, wameisimamisha moja kubwa sana, juu ya mlingoti mrefu, unaiona mbali kabla hujaifikia. Kila nikipita nashika usukani vizuri, utadhani ina upepo wake.

(Na sisi Watanzania tusijifanye hatuelewi neno Kusini. Mtu akisema "huyo ni wa kusini" pale Dar, kabla hajataja Newala wala Nachingwea, watu wameshaanza kutabasamu. Kila nchi ina kusini yake ya kuichekea, hata kama ramani imegeuzwa.)

Mimi roki ya Kusini niliijua kwa wimbo mmoja, kama dunia nzima: "Sweet Home Alabama" wa Lynyrd Skynyrd, wa mwaka 1974. Waliouandika hawakuwa watu wa Alabama. Ronnie Van Zant na Gary Rossington ni wa Jacksonville, Florida. Ed King ni wa California. Na waliurekodia Georgia. Nyumbani kumesifiwa na wapangaji.

Lakini ndani yake kuna ubeti unaowataja kwa jina la utani wapiga ala wa studio za Muscle Shoals. Mmoja wao, mpiga besi, ni David Hood. Na huyu anayeimba kwa sauti ya kuchoka kwenye CD yenye dole gumba, Patterson Hood, ni mwanawe.

Hapo nikasimamisha lori, kweli kabisa, kwenye maegesho ya kupumzikia, nikatafuta kwenye simu.

Hao walikuwa Wazungu wa vijijini Alabama waliofanya kazi ya kupiga muziki wa Weusi, pamoja na Weusi, katika jimbo ambalo gavana wake, George Wallace, mwaka 1963 alisimama mlangoni kwa Chuo Kikuu kuwazuia wanafunzi Weusi wasiingie. Kwenye "I'll Take You There" ya Staple Singers, ya mwaka 1972, ukisikiliza vizuri utamsikia Mavis Staples katikati ya wimbo akimwita David kwa jina, kama mtu anavyomwita mdogo wake, aje apige besi yake. Wimbo nimeucheza harusini mara ngapi, sikujua anayeitwa ni nani.

Patterson alikulia hapo. Baba anarekodi na Staple Singers, na nje, mtaani, watu wanampigia kura Wallace.

## Mzigo unaoupenda

Patterson na mwenzake Mike Cooley walianza kupiga pamoja mwaka 1985. Drive-By Truckers yenyewe ilianza mwaka 1996, Athens, Georgia. Mwaka 2001 walitoa albamu ya sahani mbili, Southern Rock Opera, waliyoirekodia Birmingham ghorofani juu ya duka la sare, joto la kuchemsha, kiyoyozi hakuna. Inasimulia bendi ya kubuni inayofuata nyayo za Lynyrd Skynyrd mpaka kwenye ile ndege ya tarehe 20 Oktoba 1977, iliyoishiwa mafuta ikaangukia msituni Mississippi siku tatu tu baada ya albamu yao mpya kutoka. Van Zant alifia humo.

Ningetarajia maombolezo. Yamo. Lakini katikati ya maombolezo wanamleta Wallace, na wimbo wake unaimbwa na Shetani anayemwandalia mapokezi. Van Zant na Wallace wanakaa sebule moja, pamoja na kocha wa mpira wa Kimarekani anayependwa na jimbo zima. Hawasemi mmoja ni wetu na mwingine si wetu. Wanasema hawa wote ni wetu, tuanzie hapo.

Hiyo ya 2016, American Band, ni albamu yao ya 11 na haina fumbo. Inafunguliwa na kijana Mmeksiko, Ramón Casiano, miaka 15, aliyepigwa risasi Laredo mwaka 1931 na kijana wa Kizungu wa miaka 17. Muuaji alihukumiwa, hukumu ikatenguliwa, akaja kuwa mkuu wa polisi wa mpaka, na mwaka 1977 akaishika ile jumuiya kubwa ya wenye bunduki. Huo ni wa Cooley. Kuna wa bendera, ulioandikwa baada ya watu 9 kuuawa kanisani Charleston mwezi Juni 2015, na South Carolina kuiteremsha ile bendera ya jeshi la Kusini mwezi uliofuata. Na kuna huo wa taratibu, "What It Means", unaozunguka kifo cha Trayvon Martin na kile cha Michael Brown, vijana Weusi waliouawa kwa risasi, ukiuliza maana yake nini, na haujibu.

Ndio aliouzima mzee.

Nikiwa mkweli, mara ya kwanza nami niliuruka. Nilichoka kabla ya kusikia. Wanaume wa Kizungu wa makamo wananiimbia habari za mtoto Mweusi aliyekufa, halafu wanauza fulana mlangoni. Niliuruka siku nne mfululizo.

Uliokuwa ukinirudisha ni mwingine, "Ever South". Hood alihamia Portland, Oregon, mwaka 2015, kona ya mbali kabisa ya nchi, na anaimba kwamba hata huko wanasikia Kusini akifungua mdomo. Ndugu yangu mhamiaji, jaribu kuusikiliza huo saa tisa usiku, mvua inapiga kioo, umebakiza kilomita mia tatu.

Nyumbani nako hakuteremki, kama yule abiria wangu.

## Sinia la kahawa

Sasa niseme kilichokuwa kinaninyima raha. Nimezunguka sana kukifikia.

Pangani ni mji wa misafara. Watumwa walipakiwa pale kwenda visiwani, na wengine walibakizwa kwenye mashamba ya miwa ya kando ya mto. Shuleni tulifundishwa Bushiri bin Salim, shujaa aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 wakamnyonga pale pale Pangani mwaka uliofuata. Nilichora picha yake kwenye daftari. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba Bushiri naye alikuwa na shamba la miwa, na miwa haikukatwa na yeye. Nililijua ukubwani, na nikakasirika na aliyeniambia, si na Bushiri.

Mwaka 2003 rafiki yangu, tuliyesoma dawati moja, alileta posa kwa binamu yangu. Barua ndani ya hankachifu, hela ya kufungulia barua, kila kitu kwa adabu. Wazee wakakaa barazani. Mimi ndiye niliyekuwa na sinia: vikombe vya kahawa, kashata, bilauri ya maji.

Wakasoma. Mmoja akasema kijana hana tatizo, ana kazi, anaswali. Kimya kikapita. Halafu mjomba mkubwa akasema kwa upole, kama anayetaja hali ya hewa:

"Tatizo, ukoo wao haujulikani."

Ukoo wao ulijulikana. Ulijulikana mpaka jina la aliyeletwa, na shamba aliloletwa. Ndiyo maana ya lile neno. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Barazani kwetu ulikuwa bado unakunywa kahawa.

Nilikuwa na miaka 24. Nikakusanya vikombe. Nakumbuka kimoja kilibaki na machicha ya kahawa yaliyoganda umbo la kisiwa, nikakiangalia sana, maana nisingekiangalia ningelazimika kumwangalia mtu.

Rafiki yangu aliniuliza walisema nini. Nikamwambia wamesema binti bado anasoma.

Alikuwa ameshamaliza shule mwaka mzima.

Kwa hiyo fundi tairi aliposema "nyie", kilichoniuma si kwamba alinitia kwenye kundi la wanaoonewa. Aliniweka upande mmoja tu wa wimbo, na kuna sehemu yangu nyingine aliyoiacha, ile iliyobeba sinia. Ningewaona wanaume hawa wa Alabama wanafiki kwa kuuza fulana, na mimi sijawahi kuimba hata ubeti mmoja wa nyumba yetu.

Kwetu aliimba Siti binti Saad, na yeye alitokea upande wa waliobezwa. Mtoto wa watu waliotoka utumwani, kutoka Fumba, aliyechekwa kwa kaniki yake, kisha mwaka 1928 akaenda Bombay kuimbia sahani za santuri na sauti yake ikaenea pwani nzima. Aliimba dhuluma za mahakamani zilivyotokea. Tunajivunia Siti. Bibi yangu alijua nyimbo zake kwa moyo, na bibi huyo huyo alikuwa na orodha ya nyumba za mtaani ambazo tusile sahani moja na watoto wake.

Waungwana wamewahi kuimba habari za waungwana? Nimetafuta kichwani wiki tatu.

## Mama wa ofisini

Anayetupangia safari ni mama Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Montgomery, anayetuita wote "mwanangu" pamoja na wanaomzidi umri. Nikamweleza habari ya CD. Alikuwa anakula, akaniacha nimalize.

"Sasa mimi nahitaji Mzungu aje aniambie Trayvon amekufa?" akasema. "Huo wimbo si wangu. Wala si wako. Ni wa huyo fundi wako. Amekupa wewe ili asiusikilize."

Nikaona amemaliza kesi. Nimebeba barua ya mtu mwingine, kilomita elfu na kitu, na mwenyewe yuko kule kwenye matairi yake ametulia.

Jioni hiyo nikaicheza tena CD na kuhesabu. "What It Means" uko karibu na mwisho. Mzee hakuzima wa Ramón Casiano. Hakuzima wa bendera, na anaishi dakika chache kutoka kwa ile bendera kubwa. Na alijua. Wimbo ulipoanza, hakungoja maneno. Aliweka spana chini sauti ya kwanza tu. Albamu haikuwa na wiki, naye alishaujua wimbo kwa pumzi yake.

Nikawasha taa ya ndani nikaliangalia jalada. Alama za dole gumba zilikuwa nne. Moja nje, tatu ndani.

Wako wengi waliowakimbia Drive-By Truckers kwa albamu hii, waliotaka magitaa bila maneno. Sijui mzee wangu yuko kundi gani. Mtu aliyekasirika kweli si angeitupa kwenye pipa la nati mbovu?

## Upepo

Juzi nilipangiwa mzigo mwingine wa Montgomery. Mabango ya uchaguzi yamejaa kando ya barabara mpaka unasahau kuangalia kibao cha kutokea. Nikatoka kwenye barabara kuu bila pancha yoyote, nikaegesha mbele ya karakana yake. Saa nne na nusu asubuhi.

Alinikumbuka kwa tairi, si kwa sura. "Limelegea?"

"Liko sawa," nikasema. Nikampa CD. "Hii ni yako."

"Hukuipenda?"

"Nimeipenda. Nimenunua yangu."

Akaifuta kwa kitambaa ambacho kiliiongezea uchafu, akaigeuza, akaitazama ile bendera nusu mlingoti. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Njia nzima nilikuwa naifanyia mazoezi, ina Siti ndani, ina Bushiri. Akaiweka CD kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

"Tairi lako la nyuma kushoto lina upepo mdogo," akasema, na kabla sijajibu alishapiga goti na mpira wa upepo mkononi.

Nikabaki nimesimama. Pangani ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Namba alinitumia shangazi wiki iliyopita, baada ya kuniuliza mara mbili ya nini. Nikapiga.

Ikapokelewa na mtoto, wa kike, kama wa miaka minane. Akatoa shikamoo bila kujua ni nani.

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Ameenda kuswali. Nimwambie nani kapiga?"

Kompresa ikaanza kunguruma. Akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, nami nikazunguka nyuma ya trela ili anisikie jina.